Ngazi ya Thelathini

"Shangazi, kwani hukusikia filimbi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, mbele ya watu wazima waliokuwa wamenuna, nikafinywa sikio. Yeye mwenyewe alinitazama, kisha akaendelea na kazi iliyokuwa mikononi mwake. Lakini swali halieleweki mpaka uingie kwanza nyumbani kwake.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na cherehani chini ya dirisha, pasi, na marundo ya sare za shule. Cha nyuma kilikuwa cha Bibi, mama yake, ambaye kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, na kwa miaka minne hakuwahi kugeuka kitandani bila mkono wa mtu. Mkono huo ulikuwa wa Shangazi. Kila baada ya saa mbili alimgeuza, maana ngozi ya mgonjwa haijui Jumapili. Kaka zake wawili walituma salamu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wateja walimwita Fundi Saa Mbili. Ukimwomba aje kukupima nguo kwako, alikwambia, "Nina saa mbili, kwenda na kurudi," kisha haji.

Mwaka ule kampuni moja ya kupokea simu za wateja wa ng'ambo ilitangaza kazi katika mji mkuu. Hawakutaka vyeti. Walitaka ujifunze lugha ya wateja wao kwa programu ya simu, na ukimaliza ngazi thelathini kabla ya jua la Jumamosi waliyoitaja kuzama, unaajiriwa, na chumba unapewa. Shangazi alikuwa na miaka thelathini na minane. Hakukumbuka tena kulala katika chumba kisichonuka dawa.

Programu yenyewe ilinishangaza mno. Unaelekeza kamera kwenye kitu, na jina lake katika lugha ile linaelea juu yake hewani, kama inzi anayetafuta pa kutua. Unalitamka. Ukikosea linakuwa jekundu, ukipatia linakuwa la kijani. Shangazi alianza na cherehani, kisha sindano, mkasi, ndoo, bawaba za mlango. Ungemkuta anainong'oneza sufuria.

"Fundi, sufuria imekujibu nini leo?" jirani muuza viatu aliuliza dirishani.

"Imesema uache kuchungulia madirisha ya watu."

Bibi naye akatamani. "Na mimi hiyo simu yako inaniitaje?"

Shangazi akaielekeza kitandani. Jina likaelea, likatua kifuani mwa Bibi. Lilikuwa jina la blanketi. Akahamia upande wa kulia, akamwinua kichwa kidogo, akamfuta uso. Blanketi.

"Imesema mama."

"Ina adabu," Bibi akasema, akafumba macho.

Ilipofika ngazi ya ishirini na tisa, nyumba iliisha. Hakukuwa na msumari ambao haujatajwa. Na ngazi ya thelathini ilitaka vitu kumi, vyote vya nje: reli, taa ya ishara, kiti cha behewa, daraja na vingine vya namna hiyo. Shangazi akajaribu ujanja. Ukutani palikuwa na kalenda yenye picha ya treni ikivuka daraja, akaielekezea simu. Simu ikaandika: karatasi. Akachukua mkasi, akaikata treni peke yake, akaibandika juu ya mlango. Karatasi. Akaipindapinda ikasimama mezani. Karatasi.

"Hii haihongeki," alimwambia Bibi.

Baba yangu, kaka mkubwa wa Shangazi na fundi wa mapaa, aliahidi kuja Jumamosi hiyo saa mbili asubuhi amkalie Bibi. Saa tatu akatuma ujumbe: naja. Saa tano: dada, niko njiani. Wanaomjua baba wanajua kwamba njia hiyo huanzia kitandani. Saa nane Shangazi alimgeuza Bibi, akamnywesha chai, akamwekea kikombe cha maji upande wa mkono mzima.

"Mama, nafika stesheni mara moja. Kabla ya saa ya kukugeuza nitakuwa nimerudi."

"Nenda, mwanangu. Mimi nitakwenda wapi?"

Stesheni ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Reli, kijani. Taa ya ishara, kijani. Toroli la mizigo, benchi, nguzo. Wasafiri walimsogelea wamtazame mwanamke aliyekuwa akiiamkia nguzo. Katika robo saa alipata vitu vinane. Kiti cha behewa kilikuwa ndani ya treni iliyosimama, akapanda. Kijani. Treni ikatikisika, benchi na nguzo zikaanza kurudi nyuma. Muda si muda daraja likaja dirishani, akainua simu, akalitamka. Ngazi thelathini zikatimia, na kituo kilichofuata kilikuwa mwendo wa saa nzima.

Alirudi kwa lori la mchanga, jua limeshazama. Baba alikuwa amefika saa kumi na moja, akamkuta Bibi ameteleza nusu ya mwili sakafuni, kikombe kimemwagika, midomo imekauka, nyonga imechubuka. Ndugu wote waliitwa, nami nikaburutwa humo.

"Kichwa kilizama kwenye simu, treni ikaondoka naye," baba alieleza kila aliyeingia. Wote wakakubaliana kwamba kosa ni la simu. Shangazi alikuwa akimpaka Bibi dawa ya nyonga na hakubisha. Ndipo nilipouliza swali langu la filimbi ya treni.

Kampuni ilipiga baada ya siku tatu. Alizungumza nao kwa lugha yao, kwa kirefu, Bibi akisikiliza kama anayesikiliza redio. Wakakubali kumsubiri wiki moja. Ndugu wakakaa kikao, kila mmoja akatoa udhuru wake, wiki ikaisha, na chumba akapewa mwingine. Baba akamwomba aifute ile programu, kwa usalama wa mama. Akaifuta. Bibi aliishi miaka sita zaidi, akigeuzwa kila baada ya saa mbili, na nyonga ile haikupona vizuri.

Mwezi uliopita, wiki tatu baada ya mazishi, Shangazi alikuwa akinipima sketi ya shule. Chumba cha nyuma kilikuwa wazi, kitanda hakina godoro. Alikuwa amepiga magoti kwenye pindo, pini mdomoni.

"Lile swali lako," alisema, akazitoa pini moja moja. "Bado unataka kujua?"

Nikasema ndiyo.

"Niliisikia vizuri. Ilipigwa mara mbili. Ile ya kwanza nilikuwa bado mlangoni mwa behewa, nikaingia ndani, nikakaa."