Siku Bibi Alipojibu "Anaweza"

Mwezi uliopita nilirudi Itaka kwa ajili ya msiba, nikakaribishwa kukaa kwenye gogo. Lilikuwa kando ya ukuta wa nyumba ya mzee mfiwa, limelainika kwa kukaliwa miaka na miaka, na katikati lina tundu ambalo mtoto mmoja alikuwa akipitisha mkono wake, anacheza. Nililitambua kwa lile tundu. Nikasema nitasimama.

Baadaye mzee mfiwa alishika kipaza sauti, akawashukuru watu, kisha akaanza yale ya wazee. Siku hizi vichaa wanazurura Tunduma katikati ya malori, wanaokota makombo, na ndugu zao wapo. Zamani, alisema, hapakuwa na aibu hiyo. Zamani tulitunzana. Watu wakaguna kukubali.

Rafiki yangu, hiyo zamani mimi nilikuwepo. Kichaa hakuzurura kwa sababu mguu wake ulikuwa ndani ya lile tundu.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Nililelewa na bibi mzaa mama, hapo hapo Itaka, ng'ambo ya kijito kutoka kwa baba yake huyo mzee. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya mashamba mpaka umande ukauke, na kitu cha kwanza kusikika kilikuwa jiwe la bibi likisaga ulezi. Mpaka leo nikisikia kitu kigumu kinakwaruza kitu kigumu, mate yananijaa kwa uji ule wa kahawia, uliochachuka kidogo. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuchambua kunde na kufukuza kuku. Jioni mjomba, kitinda mimba wa bibi, alifukia boga kwenye majivu ya moto, akanipa upande ulioungua, kwa sababu alijua ndio niupendao.

Mjomba alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Saza. Alirudi na blanketi, kikombe cha bati na shati jeupe, na kwa msimu mmoja alikuwa fahari yetu. Kisha akaanza kulala kifudifudi shambani, sikio chini. Alisema kuna watu wamefukiwa, wanagonga. Akachukua jembe akaenda kuwatoa. Hakumpiga mtu hata siku moja, alichimba tu. Lakini alichimba katika miche ya kahawa ya jirani, na kahawa kwetu ilikuwa imeshaanza kuwa kubwa kuliko mtu.

Jirani ndiye aliyelichonga lile gogo. Alikata mninga, akatoboa tundu la kutosha mguu kupita, na alipoupitisha mguu wa mjomba akapigilia kigingi juu ya kifundo ili usirudi. Chifu alikuwa ameshasema: ama afungwe, ama ukoo mzima uhame. Basi mjomba akakaa nyuma ya nyumba, jua lake na mvua yake. Watoto walikuja kumtupia magunzi ya mahindi wakiuliza kama watu wa chini wameamka. Mwenye shabaha kuliko wote alikuwa mtoto wa jirani, huyu wa kipaza sauti.

Bibi hakukaa kimya. Mganga wa Kamsamba alichukua mbuzi, akamchanja mjomba chale, akasema angoje mwezi mpya. Wazee wa kanisa waliposikia habari za mganga, walimtenga bibi na meza ya Bwana. Walimwambia shetani hatolewi kwa chale. Anatolewa kwa kitu gani, wao wangejaribu nini, hilo hawakusema, na hakuna hata mmoja aliyefika nyuma ya nyumba kuomba.

Aliyemwambia jambo la maana alikuwa dresa wa zahanati, yule aliyetufunga vidonda. Alisema serikali ina hospitali ya wagonjwa kama hao, mbali, Dodoma, ila hapokelewi mtu bila neno la daktari. Na daktari wa boma angepita kwenye baraza la chifu kukagua watu.

Siku hiyo kigingi kiling'olewa. Bibi alimwosha mjomba, akamvika shati la Saza, tukaenda polepole kwa sababu mguu ulikuwa umesahau kutembea. Daktari, mzungu, alikaa mezani. Aliyeuliza watu maswali alikuwa karani, mtu wa pwani, Kiswahili kinamtiririka kama maji. Cha bibi kilikuwa cha kanisani: nyimbo, amri na salamu.

Karani alimtazama mjomba, akamgeukia bibi. "Huyu hawezi?"

Sharti ujue kwamba kwetu neno hilo lilikuwa tusi. Hawezi ni mvivu, ni goigoi. Kijana akisemwa hawezi, hapewi mke, na mama yake anachekwa kisimani. Na jirani alikuwa amesimama pale pale, anasikiliza.

"Anaweza, bwana," bibi alisema. "Nani kakwambia hawezi? Mpe jembe umwone."

Watu wakacheka. Karani akauliza tena, taratibu, kama anayesema na mtoto. "Mama, nakuuliza: hawezi, au hajambo?"

Hajambo bibi alilijua, na jibu lake alilijua. Akapiga goti. "Hajambo, bwana. Na wewe hujambo?"

Karani akamwambia mzungu maneno machache. Mzungu akapunga mkono, aje mwingine. Tulipofika nyumbani, jirani alikuwa ametangulia, ameshika nyundo.

Dresa alipoelezwa alishika kichwa. "Mama, kwa watu wa pwani hawezi ni mgonjwa. Umeulizwa kama mwanao anaumwa, ukakataa."

Bibi alikwenda boma mwenyewe kusahihisha. Alirudi na jibu kwamba daktari ameshasema, na kichaa anayeshikwa na serikali ni yule aliyevunja sheria tu. Alichambua kunde jioni nzima.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa kanisani, alinituma nitoe mbegu za ulezi kwenye kihenge niziweke mtungini. Akachukua mchi, akagonga kigingi mpaka kikatoka. Kisha akakitia moto kihenge chake mwenyewe. Mjomba alijivuta mpaka karibu na ule moto, akaunyoosha mguu wake, akauota, anatabasamu. Bibi akapiga yowe kwamba mwanawe amemchomea chakula.

Askari walikuja, na siku ya pili karani yule yule akaja na daktari. Safari hii bibi hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya kijiji kizima, jirani akiwemo.

"Hawezi, bwana," alisema. "Mwanangu hawezi kabisa."

Mjomba, mikono imefungwa, alimgeukia. "Mama," alisema, "mimi siwezi?"

Bibi akaitazama kalamu ya karani, inaandika.

Walimpakia kwenye lori. Tulisikia amewekwa jela, kisha tukasikia amepelekwa Dodoma, kisha hatukusikia tena. Bibi alisema walau kule analala akigeuka apendavyo. Alisema hivyo mpaka alipokufa, na mimi sijawahi kujua kama ni kweli.

Sasa jiwe la kusagia halipo, vihenge havipo, kijito kinakauka kila kiangazi. Hata lile neno limekwenda. Watu wa pwani nao siku hizi husema mgonjwa, anaumwa. Kilichobaki ni gogo, na jirani alilichukua siku ile ile lori lilipoondoka, kwa kuwa mninga ulikuwa wake.

Hotuba ilipokwisha, mzee alinijia, fimbo mkononi, akaonyesha nafasi kando ya yule mtoto. "Dada yangu, kaa basi. Kwa umri huu huwezi kusimama mpaka jioni."

"Naweza," nikamwambia.