Mai Kundai Amekosa Adabu

Mtaa wetu wa Sakubva, hapa Mutare, una madaktari wengi ambao hawajasoma, na mimi ndiye bingwa wao.

Jirani yangu Mai Kundai, mshona sare za shule, alipoanza kukonda, nilitoa majibu ya vipimo pale bombani: "Mwenzenu anatafuta kiuno cha usichana!" Alipoacha kwaya, nikasema anaringa. Alipoacha kufagia uwanja, uvivu. Sadza, ugali wetu, niliyompelekea iliporudi bila kuguswa, nikasema siku hizi bibiye anachagua vyakula. Ugonjwa gani ungenipita mimi?

Sasa, kwetu ukiulizwa asubuhi kama umelala, unajibu, "Nimelala kama nawe umelala." Hata kama paa lako limeezuliwa na upepo usiku kucha, jibu ni hilohilo. Basi Jumanne moja nikamsalimu kwenye uzio.

"Umelala, Mai Kundai?"

"Hapana."

Hapana! Akageuka, akaingia ndani, akaniacha mdomo wazi.

Nikafunga kitambaa kichwani, mbio hadi kwa Mbuya Masango, bibi aliyefunzwa na zahanati kusikiliza watu wenye kile tunachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Msidhani nilikwenda kumtafutia jirani msaada. Nilikwenda kumshitaki.

"Mbuya, yule mwanamke hana adabu! Nimemwuliza kama amelala, ananijibu hapana!"

"Halali tangu lini?"

"Nitajuaje? Kwani mimi mumewe?"

"Na kula?"

Nikamweleza habari za sadza. Akauliza tena, nikamwaga yote: kiuno, kwaya, uwanja. Nilipomaliza, Mbuya alikuwa tayari anavaa viatu.

"Muroora," akasema, yaani mkwe, "dalili zote umeziona, ila kila moja umeipa jina la tusi. Twende."

Mbuya hakuhubiri. Alikaa kwenye kizingiti cha Mai Kundai, akauliza halali tangu lini, akasubiri. Mimi, kusubiri huko kulinitoa jasho.

"Tangu Aprili," Mai Kundai akasema hatimaye, macho chini. "Nilidhani mmeona wote, mkaamua kucheka tu."

Nilitaka kukana. Ulimi wa kukania ninao, mtaa mzima shahidi.

"Tuliona, dada," nikasema. "Na mimi ndiye niliyekuwa nawachekesha."

Nikaangua kilio kabla yake. Mbuya akasogea kidogo pale kizingitini, akanipa nafasi na mimi.