Mzee Timazi na Basi la Kijani

Jina la Timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kama ukuta umesimama wima, alipachikwa na waashi wenzake, likamganda mpaka uzeeni, kwa kuwa hakuwahi kuvumilia ukuta uliokwenda upande. Tofali likikaa vibaya kidogo tu, analing'oa, hata kama saruji imeshaanza kushika na mwenye nyumba amesimama hapo akipiga kelele. Sasa ana miaka sabini na minne, kazi ameacha, anaishi na binti yake katika nyumba ya vyumba vitatu; mwanawe wa kiume ana maisha yake mbali. Na mtu huyu huyu, ambaye hakuona taabu kumwambia tajiri kwamba msingi wake ni wa ovyo, alikuwa na jambo moja ambalo ulimi ulimkatalia katakata.

Nami sina haya, nitalisema. Ni mkojo. Ukimbana, umembana, hakuna cha subiri kidogo. Ulianza kumsumbua miaka miwili nyuma, na saa moja ikipita bila choo karibu, mzee wa watu anaanza kutoka jasho. Siku moja foleni ya benki ilimshinda, akarudi nyumbani kwa miguu kupitia vichochoroni, koti amelifunga kiunoni jua likiwaka. Tangu siku hiyo, safari ndefu ng'o. Na kumwambia binti yake mambo ya namna hiyo? Afadhali afe.

Lakini kulikuwa na mlima. Kileleni kuna ngome ya kale, ya karne na karne, na Timazi alipokuwa kijana alikaa huko miezi kumi na minane, yeye na wenzake, wakiurudishia ukuta wa kaskazini jiwe kwa jiwe. Nyumba zote alizojenga baada ya hapo anaziita kutafuta ugali wa watoto. Ukuta ule ndio anaouita kazi. Binti yake amekua akizisikia habari za ukuta huo na hajawahi kuutia machoni, kwa hiyo akakata shauri: siku moja ya mapumziko wataamka mapema, wapande mabasi kama watu wengine wasio na gari, wafike juu, waone, warudi kabla ya giza.

Binti huyo anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, mwaka wa kumi na tisa huu, na kupanga anajua. Alinunua daftari. Akaandika basi la haraka linaondoka stendi saa kumi na mbili na nusu, moja kwa moja mpaka mji wa chini ya mlima, saa mbili na robo njiani. Kutoka hapo kuna kigari cha kupandisha watu mlimani, dakika arobaini. Akaandika vya kula, viatu, mwavuli, dawa ya kichwa.

Mara ya kwanza Timazi aliumwa kiuno. Mara ya pili akafiwa na rafiki, na marehemu akaonekana wiki ile ile dukani ananunua kiberiti. Mara ya tatu akasema itanyesha. Binti akatazama nje, mbingu nyeupe hata wingu la kusingizia hakuna, akalifunga daftari.

"Baba, nitapanga mara moja tu tena," akasema. "Ukinipiga chenga, sipangi mpaka naingia kaburini."

Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio uliomkosesha mzee raha siku tatu nzima. Angepiga kelele, Timazi angejua la kufanya.

Jumatano, binti akiwa kazini, Timazi akavaa shati la kutokea akaenda stendi peke yake. Akamkuta mama mmoja anayekata tiketi dirishani, amejaa kwenye kiti chake, anachambua maharage.

"Lile la haraka la mlimani linasimama wapi na wapi?" akauliza, akijitia hamnazo.

"Halisimami popote, mzee wangu. Ndiyo sifa yake."

"Na mengine?"

"Kuna la kijani lile. Hilo usijisumbue. Dereva wake ana sukari, kila dakika arobaini lazima ashuke aende chooni. Abiria wanamsema, yeye anashuka. Wanamsema tena, anashuka tena. Saa tatu na nusu mpaka mlimani."

Timazi akashika ukingo wa dirisha. "Vyoo vyenyewe vikoje?"

Yule mama akaacha maharage, akamtazama vizuri, asiulize kitu. "Visafi. Dereva mwenyewe hakubali pachafu. Na kule juu siku hizi vipo, pale pale getini."

Jamani, yule mzee alitoka pale stendi kama aliyetuliwa gunia la saruji kichwani. Alitembea mpaka nyumbani anapiga mluzi.

Furaha haikufika mbali. Jioni alipomwambia binti yake kwamba safari ipo, Jumamosi hii, ila waende na la kijani, binti akaweka kalamu mezani.

"La kijani linaondoka saa kumi na moja alfajiri, baba. Na linageuza saa sita mchana, tukifika juu tunabaki na saa mbili tu. Kisa na maana?"

"Viti vyake vizuri."

"Viti vyake vinachana nguo. Kila mtu anajua."

"Mimi navipenda hivyo hivyo."

Mikono yake, iliyochunika kwa dawa ya kung'arishia mashuka, binti akailaza juu ya daftari.

"Sema tu hutaki kwenda na mimi," akasema. "Angekuwa kaka, ungekwenda hata kwa kutambaa. Habari za ule ukuta ulikuwa unamsimulia yeye, hapo hapo ulipokaa. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo."

Hapo Timazi akaona amefika mwisho wa njia. Ama aibu imfike, ama binti yake aende zake na fikra hiyo maisha yote. Akageuza uso akatazama ukuta, kwa kuwa na ukuta alikuwa amezoea kusemezana.

"Nabanwa," akasema. "Mkojo. Siwezi kuushika zaidi ya saa moja. Lile la haraka halisimami."

Kisha akasikia kitu nyuma yake, akageuka, akamkuta binti yake anacheka mpaka machozi.

"Baba, mimi nafua mashuka ya hospitali. Ya mahakimu, ya maharusi, ya mabondia. Unadhani wanayalowesha na nini huko, maji ya waridi?" Akajifuta macho kwa kiganja, kicheko kikakatika ghafla. "Miaka miwili nalala najiuliza nimekukosea nini. Jumatatu tunakwenda kwa daktari, wala usinibishie."

"Sibishi," akasema Timazi, na kweli hakuwa na nguvu za kubisha. Akaona bado liko deni la neno moja.

"Kaka yako alikuwa anasinzia," akasema. "Tangu mdogo, nikifika kwenye kupanga mawe, amelala. Hujajiuliza kwa nini nilikuwa nasimulia kwa sauti kubwa vile, ya kufika mpaka jikoni, na mtu mwenyewe amekaa hapa miguuni?"

Binti akalivuta daftari, akaifuta saa kumi na mbili na nusu, akaandika saa kumi na moja.