Sauti ya Mama Mdogo Juu ya Gari

Baba mdogo anaitwa Spika, na si kwa sababu aliwahi kukaa bungeni. Ana pikapu kuukuu yenye spika mbili za pembe juu ya paa, na tangu sijazaliwa anaishi kwa kuwapigia watu kelele: leo dawa ya mende, kesho mechi, keshokutwa mkutano wa hadhara. Ukimsikia nyumbani huwezi kuamini. Anaongea kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemzoea. Mwenye sauti alikuwa mke wake.

Mama mdogo alikuwa na sauti ya kukutoa chooni hujamaliza. Alikaa kiti cha abiria, kipaza sauti mkononi, akawaita watu kwa maeneo yao: watu wa gereji, mpo? Na watu wa gereji, grisi hadi viwikoni, wakaitika kwamba wapo. Biashara yote ya baba mdogo ilikuwa kwenye lile "mpo". Yeye alikuwa dereva tu, na alifurahia udereva wake.

Mtaa wetu umekatwa na barabara kuu. Upande huu ni wa chama chetu, upande ule ni wa wale. Hakuna aliyechora mstari, ila ukitaka kujua mtu anampigia nani kura, muulize ananyoa wapi. Korona ilipokuja, nayo ikapewa kadi ya chama. Viongozi wa wale walisema vaeni barakoa, msisongamane, na wao wakavaa. Wa kwetu walisema huo ni woga wa wapinzani. Basi kwetu barakoa ikawa kama jezi ya timu nyingine: ukionekana nayo unaulizwa umehama lini. Yangu niliivaa nikishavuka barabara, nikirudi naificha mfukoni. Diploma ya umeme niliiacha katikati, lakini unafiki nilihitimu.

Kisha chama kikaandaa mkutano mkubwa, wa magari mengi, na mama mdogo alikuwa na mdomo mmoja. Ikabidi tangazo lirekodiwe. Nilirekodi mimi, chumbani kwao, magodoro yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Baba mdogo alishika waya, anacheka kimyakimya asituharibie. Mama mdogo akawaita wa gereji, akawaita wa sokoni, akamalizia kwa maneno aliyoandikiwa na tawi: njooni bila barakoa, tuonane meno.

Wakaja. Wakaonana meno. Baada ya wiki chache gari lilikuwa linatangaza misiba, na lilikata kona za kwetu mara nyingi kuliko za kule. Kule nako walizika, sisemi hawakuzika. Lakini huku turubai lilikuwa halikunjwi, linahamishwa tu. Fundi mkuu wa gereji, aliyekuwa akiitika kuliko wote, alikwenda. Mama mdogo akamfuata. Msiba wake aliutangaza baba mdogo mwenyewe, na watu wakatoka nje kuulizana amesema nini.

Tangu hapo anaitafuta sauti ile. Hasemi, ila utamwona. Mwanamke akipita njiani akimwita mwanawe, baba mdogo anasimama dirishani mpaka apotee. Kiti cha abiria hakiwekwi hata mkate. Picha anazo tele, lakini siku moja aliniambia picha haziiti mtu. Na kompyuta niliyorekodia ilikuwa imeshaibwa.

Kumbe nakala ilikuwa kwa katibu wa tawi. Mwaka wa uchaguzi ulipofika alikuja na flashi mfukoni, akasema tangazo lile halijapata mpinzani. Mimi nitoe tu lile neno la barakoa na tarehe, lirudi barabarani.

"Mzee, ni kumuenzi mama," alisema. "Mji mzima utamsikia tena."

Nilijua atakataa. Baba mdogo akapangusa kiti cha abiria kwa kiganja, akaniambia niunganishe waya.

Mama mdogo alipowaita watu wa gereji, sauti ilitoka juu ya vichwa vyetu nzimanzima, na shavu la baba mdogo likacheza. Akapunguza mwendo hadi gari likawa linanyata. Kwa kipande kile cha barabara alikuwa na mke. Pale gereji, mdogo wake marehemu fundi alinyoosha mgongo, akatutazama, akarudi uvunguni mwa gari. Hakuna aliyeitika. Sokoni akaita tena. Muuza vitunguu, aliyemzika mumewe msimu ule ule, aliacha meza yake akaja dirishani taratibu.

"Shemeji," alisema, "mara ile alituita, tukaja. Leo unamtuma tena?"

Baba mdogo alizima spika. Ng'ambo ya barabara wale walikuwa vibarazani mwao, bibi zao na babu zao wamekaa pamoja nao, wanatutazama. Nilitamani wacheke, ningepata la kuwajibu. Hawakucheka.

Katibu alipokuja kuuliza mbona mitaa imenyamaza, alikumbushia kwamba tangazo ni mali ya chama.

"Maneno chukueni, yalikuwa yenu," baba mdogo alimwambia. "Sauti niachieni."

Katibu mwenyewe alizika kaka msimu ule. Akaondoka, flashi akaiacha mezani.

Jioni baba mdogo aliniambia nifute gereji, soko, meno, vyote. Nikamwambia basi hapabaki kitu. Akasema pana mwanzo. Kweli, ndani ya flashi kulikuwa na faili mbili, ile iliyosafishwa na ile chafu, ya kabla sijakata chochote. Nikaikata hiyo nilivyoelekezwa, nikamwekea kwenye redio ya gari, siyo kwenye spika.

Sasa jioni anakaa kwenye usukani, injini imezimwa, vioo vimepandishwa. Mama mdogo anauliza kutoka katikati ya magodoro, "Baba, umewasha? Mbona waya umeushika kama nyoka?"

"Nimewasha," anajibu, kwa sauti yake ile ya kuomba chumvi.

Halafu mama mdogo anacheka kidogo, anakohoa kusafisha koo, anavuta pumzi ndefu ili aanze. Hapo ndipo nilipokata.