Kofia ya Mzee Maganga

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila mawingu ya masika yanapoanza kujikusanya upande wa Pugu. Juzi limepita gari la kipaza sauti hapa Temeke, linatangaza watu wazibue mitaro na walio mabondeni wahame mapema, na wajukuu zangu wakaongeza sauti ya redio ili wasilisikie. Sikuwagombeza. Nilimkumbuka aliyekuwa akitutangazia sie, zamani, magari hayajaijua njia ya huku.

Nivumilie nikianzia mbali. Mie shule niliiacha mapema, juzuu chache za madrasa na hesabu za vidole, basi. Kuandika kwangu ni kama kutembea kwangu sasa, nasimama kila penye kivuli.

Enzi hizo Mwingereza yuko mjini, sie huku tuko na Jumbe wetu, minazi yetu na nyumba za udongo. Vita vya pili vimekwisha, vijana wamerudi na makoti ya kijeshi, wanayavaa hata jua la mchana likiwaka, wanatoka jasho lakini hawayavui. Mie nilikuwa nimeoa karibuni, nafanya kazi kwa seremala mmoja mjini, jioni narudi kwa miguu.

Serikali ikiwa na neno na sie haikuandika barua. Nani angeisoma? Neno lilitoka bomani likafika kwa Jumbe, Jumbe akampa Mzee Maganga, na Mzee Maganga akapuliza pembe. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, ndivyo tulivyolelewa. Masika yakikaribia mbiu zilikuwa nyingi: vifuu vya nazi vikusanywe visiteke maji ya mbu, watoto wapelekwe kuchanjwa ndui, madimbwi yatamwagiwa mafuta kesho kwa hiyo teka maji yako leo. Mambo ya watu wote, kama haya ya gari la juzi.

Sasa huyu Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi, na sie Wazaramo. Nyie wa siku hizi utani mnausikia kwenye harusi tu. Kwetu mtani alikuwa mtu wa kukutukana usikasirike, wa kuingia jikoni kwako akapakua, wa kuchukua kitu chako akaondoka nacho, na wewe huna ruhusa ya kununa. Utamfuata, utamtukana nawe, mtacheka, utakikomboa kwa sahani ya chakula. Na msibani mtani ndiye anayechekesha wafiwa ili wasife nao kwa uchungu. Ilikuwa dawa.

Basi Mzee Maganga dawa hii aliichanganya kwenye kila tangazo. Atapuliza pembe, watu watoke, aseme, "Kutoka bomani. Wazaramo wote kesho mwende mkapimwe uvivu kwa mizani ya kopra, ile ya nazi kavu." Watu wacheke. Halafu aseme, "Na mwenye mbwa amfunge, kuna kichaa cha mbwa." Hapo napo watu wacheke. Akishamaliza mtakaa kubishana: lipi lilikuwa la Jumbe, lipi lake? Tulimpenda sana. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Aliyekuwa akipambana naye zaidi ni shangazi yangu, Bi Chausiku, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alikuwa mjane, anakaa bondeni kwenye nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, na mguu wake mmoja ulikuwa na matende, mzito kama kinu. Kutoka kwake mpaka kisimani alipumzika njiani. Lakini ulimi wake haukuwa na matende hata kidogo.

"Wewe Maganga," humwambia, "ulikuja pwani na mzigo kichwani, ukalamba chumvi ukasahau njia ya kwenu."

"Nimebaki kuwafundisheni kulima, mtani. Nyie mnapanda ngoma mnavuna usingizi."

Mwaka huo walikuja vibarua wa serikali wakachimba mtaro mrefu kando ya barabara ya juu, maana ilikuwa ikioza kila masika. Tuliwaona wanachimba. Kila mtu akajisemea moyoni kuwa mtaro utapeleka maji mtoni. Hakuna aliyekwenda kuutazama unakoishia.

Ndipo jioni moja pembe ikalia. Mzee Maganga akasimama pale njia panda, akasema, "Kutoka kwa Jumbe. Mtaro wa juu haujafika mtoni, vibarua wameishia hapa bondeni kwetu. Mvua kubwa ikinyesha, maji yote ya barabara yanakuja huku. Wa bondeni wahamie kwenye banda la baraza, kule juu, mpaka kazi imalizike."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akauliza, "Na huko juu tutapimwa kwa mizani ile ile?" Shangazi akajibu kutoka barazani kwake, "Mnyamwezi leo kanihamisha nyumbani kwa mume wangu. Nenda kamwambie Jumbe aje mwenyewe." Na Jumbe, maskini, alikuwa amelazwa mjini na homa, hata huo ujumbe aliutoa kitandani.

Nilimwona Mzee Maganga uso umembadilika. Akaapa. Alivyoapa ndivyo watu walivyozidi kucheka, maana hata kuapa alikuwa ameshatuchezea. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, mwanangu. Usaha wenyewe tuliuona kesho yake.

Asubuhi alirudi bila pembe, akaingia kwa shangazi, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akamsihi kwa sauti ya chini. Mie nilikuwepo, sikwenda kazini siku hiyo, nilikuwa natengeneza mlango wake uliolegea. Nikafikiri, huyu mzee leo anaigiza vizuri. Shangazi akampa chai, akamwambia, "Kunywa, mtani, ukalale. Mchezo umekuchosha." Mzee hakuinywa. Akatoka.

Ilipofika alasiri mbingu ikawa nyeusi kama sufuria. Upepo ukasimama. Shangazi alikuwa jikoni uani anasonga ugali. Mzee Maganga akaingia mbio, hakupiga hodi, akaenda moja kwa moja chumbani, akatoka na kitanda cha shangazi, kile cha kamba tunachokiita teremka tukaze, kakitwika kichwani.

"Nimekichukua, mtani," akasema. "Ukikitaka kifuate juu barazani. Ramadhani, shika huko miguuni."

Ramadhani ndiye mie, nikashika. Utani ni utani, ungekataaje? Na vijana wenzangu walipoona kitanda kinapita wakashangilia, wakaingia nao. Huyu kabeba kinu, huyu sufuria, huyu tenga la kuku na vifaranga vinalia ndani. Bi Chausiku nyuma yetu na mwiko mkononi, ugali bado umeushika, anavuta mguu wake hatua kwa hatua, anatukana ukoo mzima wa Maganga mpaka Tabora. Akisimama kupumzika, Mzee Maganga naye anasimama, anamchokoza: "Njoo basi, au nikiuze?" Shangazi anaanza tena kupanda. Nilidhani anamtesa. Kumbe anamhesabia pumzi.

Tulipokitua kitanda bandani, Mzee hakupumzika. Akateremka tena, akanyakua jamvi la jirani, akapanda nalo. Akateremka, akatwaa mtungi wa mwingine. Punde bondeni kote kukawa mchezo, kila mtu anakimbilia kitu chake juu, wazee wanacheka, watoto wanakimbia na vyungu vitupu. Mwanamke mmoja alikuwa hajaibiwa kitu, akapaza sauti, "Na mie je, mtani, hunipendi?" Akachukuliwa mkeka wake, akafuata.

Mvua ikaanguka. Si matone, mwanangu. Ilianguka kama mtu kamwaga ndoo. Tukajibana bandani tunacheka bado, mpaka tukausikia mtaro. Maji yalikuja na ngurumo, mekundu, yamebeba matope na magogo yaliyoachwa na vibarua, yakaingia bondeni yakakuta nyumba. Udongo haushindani na maji. Nyumba ya shangazi ilipiga magoti kwanza upande wa jikoni, kisha paa likakaa chini taratibu, kama mtu mzima anayetafuta kiti.

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa amekaa juu ya kitanda chake, mwiko mkononi, anatazama pale palipokuwa kwake. Nikautazama mguu wake. Sote tuliutazama.

Shangazi akasema, "Maganga. Leo umeniokoa kwa wizi. Kwa nini hukuniokoa kwa maneno?"

"Nilikwambia, Bi mkubwa."

"Uliniambia kwa kinywa kile kile cha mizani ya kopra. Ningejuaje? Utani ni wako, uutumie mpaka kufa. Lakini ile pembe si yako, ni ya watu wote. Ukiitia mzaha umeiziba."

Mzee akainamisha kichwa. Sie vijana tukaanza kumlaumu kwa kunong'ona, shangazi akatugeukia na mwiko. "Na nyie mna nini? Mtaro ule mnaupita kila siku mkienda mjini. Nani alikwenda kutazama unakoishia? Mlingoja kuambiwa, na mlipoambiwa mkacheka."

Tangu siku hiyo Mzee Maganga aliweka utaratibu wake, hakuna aliyemwamuru. Kofia yake ikiwa kichwani, ni mtani wetu yule yule, na matusi yalizidi utamu. Akiwa na neno la Jumbe, aliivua kofia, akaibana kwapani, ndipo akapuliza pembe. Tukimwona kichwa wazi, kipara kinang'aa, mtaa mzima uliacha ulichokuwa unafanya. Hakuwahi kudanganya kichwa wazi. Hata mara moja.

Alifariki kabla Mwingereza hajaondoka. Shangazi, tulishamjengea juu, akakitoa kile kitanda cha kamba aoshewe juu yake. Akasema, "Alikibeba, leo nacho kimbebe." Kisha, kama ilivyo haki ya watani, akaichukua kofia ya marehemu akaivaa, akaanza kumwigiza: anavyotembea, anavyotukana, anavyokimbia na kitanda. Wafiwa walicheka na machozi yanawatoka.

Halafu akaivua. Akaibana kwapani. Uwanja mzima ukanyamaza, hata watoto.

"Wakazi mnatangaziwa," akasema. "Aliyekuwa akitutazamia mtaro amekwenda. Kuanzia leo kila mtu akautazame mwenyewe."

Mwanangu, wewe una sauti, na ipo siku watu watategemea sauti hiyo kuamua walale wapi. Taniana nao, maana bila kicheko dunia hii ni ndefu. Ila uwe na kofia yako ya kuvua, na wakikuona umeivua wasiwe na shaka. Na gari la kipaza sauti likipita, punguza redio, kisha vaa ndala zako uende ukatazame maji yanakoelekea.

Mungu akujaalie nyumba isiyopiga magoti, akupe watu wa kukucheka, na katika hao akupe mmoja atakayekibeba kitanda chako mvua haijaanguka. Amin.