Mkaguzi Aliyepitisha Upuuzi Wangu

Jumanne asubuhi niliandika upuuzi makusudi, nikaupeleka kwa mkaguzi. Akaupitisha.

Sekunde mbili tu. Alama ya kijani.



Ngoja nieleze. Mimi naandika programu za hospitali, na hii ilikuwa ya kukokotoa dozi za dawa za watoto. Mkaguzi wetu si mtu, ni programu nyingine. Kila tunachoandika hupita kwake kwanza. Akiona kosa, anafunga njia.

Alikuwa mnoko kweli. Hata nafasi ikizidi moja, anakusema.

Halafu wiki tatu nzima, kimya. Wenzangu wakajisifu kwamba sasa tumeiva. Mimi roho haikutulia, ndiyo maana nikamtega.

Hospitali ilikuwa ipokee toleo jipya saa sita mchana. Saa nne hiyo.

Nikaingia kwenye kumbukumbu za mfumo, mstari kwa mstari. Kumbe ufunguo wa siri unaomruhusu mkaguzi kusoma kazi zetu ulishaisha muda. Kila akibisha anafukuzwa, hasomi hata herufi. Na mtu alikuwa ameongeza amri: mkaguzi akishindwa, kazi iendelee tu.

Nani?

Likanijia jina moja. Kobe, jirani yangu wa meza. Siku zote alilalamika kwamba mkaguzi anamchelewesha.

Sikusubiri. Nikamwambia mbele ya ofisi nzima kwamba amehatarisha watoto wa watu kwa uvivu wake.

Bosi akauliza kama nina ushahidi. Nikafungua historia ya ile amri kwenye skrini kubwa, kila mtu aone.

Jina lilikuwa langu.

Ilikuwa Ijumaa, wiki tatu nyuma, mama yangu alipolazwa ghafla. Ufunguo ulikuwa umeisha siku hiyo hiyo, mkaguzi amegoma, dada yangu anapiga simu analia. Nikaweka amri ili niondoke, nikijiambia Jumatatu nitaitoa. Ikanitoka kabisa.

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Omba ufunguo mpya," Kobe akasema taratibu. "Saa zinakwenda."

Akavuta kiti, tukafanya kazi bega kwa bega. Mkaguzi alipozinduka tu, akafunga njia. Makosa kumi na saba. Moja lilikuwa linamzidishia mtoto mchanga dozi mara kumi.

Bosi akapiga simu hospitali mwenyewe: toleo haliji leo.

Nikamwomba Kobe radhi mbele ya wale wale walionisikia nikimshutumu. Alisema yameisha. Kwangu bado.

Ndugu zangu, mbwa wako asipobweka wiki tatu, usishangilie kwamba wezi wameokoka. Kamwangalie kama anapumua.

Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, fuata nyayo mpaka mwisho. Huenda zikaingia mlangoni kwako.