Nilipozuia Jeneza la Mzee Kasanda

Jumatatu moja ya masika haya alifariki Mzee Kasanda, kiongozi wa bendi aliyenifundisha kuimba jazi hapa Morogoro. Siku hizi vijana huniuliza tulianzaje, nami naanzia kwake.

Siku ya kwanza kazini nilishuka kutoka Mgeta, nikaimba kama tulivyoitana shambani, ng'ambo hadi ng'ambo ya bonde. Kipaza sauti kikapiga mluzi, bendi nzima ikaziba masikio.

"We Mluguru, unamwita nani?" akauliza Mzee Kasanda. "Wa mlimani wameshasikia. Sema na sisi."

"Shikamoo, mzee. Kwani Mnyamwezi mbeba mizigo anajua nini kuhusu kuimba?"

"Marahaba. Kesho uje mapema."

Mluguru na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo hakuna aliyekasirika.

Nilianzia kwenye kiitikio, yaani kujibu mwimbaji kiongozi. Tukapiga muziki kule Mzinga, tukapiga Dumila siku za mnada. Nilitamani kuimba mbele. Kila nikiomba, Mzee ananirudisha kwenye mazoezi ya kuchelewa: kuliachia neno lianguke nyuma kidogo ya ngoma. Huo ndio utamu wa jazi.

"Chelewa, Mluguru. Nani anakukimbiza?"

Nilipoweza, yeye mwenyewe alinipeleka kwa meneja wa hoteli moja Dar es Salaam. Huko niliimba mbele, karibu na piano, hadi sauti ilipochakaa nikastaafu. Kila nikimpigia simu nilimwambia aje anisikie. "Nakuja," alisema. Kila Jumamosi nilitazama mlango kabla ya kuanza. Hakuja. Mwanzoni kazi, baadaye miguu.

Msibani, jeneza lilipotaka kutoka, mtu akaita, "Watani wako wapi?" Desturi humpa mtani haki ya kuzuia maiti na kumkejeli, wafiwa wapate kucheka. Nikaketi kizingitini.

"Hatoki huyu! Aliahidi kuja kunisikia Dar. Mnyamwezi kabeba mizigo ya watu mpaka pwani, miguu yake mwenyewe imemshinda?"

Walicheka, hata mjane.

"Aje kwanza anisikie," nikasema tena. Safari hii hawakucheka sana.

Mwanawe mkubwa akainama. "Shangazi, umeshinda. Tupishe."

Wabebaji walikuwa wamesimama na jeneza mabegani. Nikachelewa kidogo. Kisha nikainuka, nikapisha.